Fukusi wa Pua Ndefu

Jumatatu, 3 Machi

Hatimaye. Daktari ametangaza jaribio la chupa. Miaka sita nimevisha mbelewele mifuko ya karatasi ili chavua isipeperuke, miaka sita majani ya mahindi yamenikata masikio, na sasa yote yataamuliwa ndani ya chupa thelathini juu ya rafu.

Niandike vizuri, maana shajara hii huenda ikaja kusomwa na watu wa maana. Mimi ni msaidizi wa maabara katika kituo cha utafiti wa mahindi, mwaka wa kumi na tisa huu. Tunatafuta mbegu inayojikinga yenyewe dhidi ya wadudu, kwa maumbile yake, bila dawa yoyote. Mbegu kumi zimefika hatua hii. Kila mbegu inawekwa kwenye chupa tatu, na kila chupa inatiwa fukusi arobaini. Wanakula, wanataga, na baada ya siku kumi wanatolewa. Kisha tunangoja karibu wiki saba tuone watoto wangapi watatoboa punje na kutoka. Mbegu yenye wastani wa watoto chini ya ishirini kwa chupa inasonga mbele. Ikizidi hapo inapelekwa banda la kuku, yote, pamoja na akiba yake. Daktari hana nafasi ya kuhifadhi zilizoshindwa.

Mbegu yangu ni Namba 31. Kwenye rejesta imeandikwa ni ya kituo, lakini chimbuko lake ni jikoni kwa mama mkwe. Kopo moja la mahindi mekundu, madogo, magumu, aliyoachiwa na mama yake. Mwaka ule gunia la jirani yake liligeuka unga, na kopo lake halikuwa na punje hata moja yenye tundu. Nilimwomba kiganja kimoja. Akanipa kopo zima, kwa sababu shamba lake lilikuwa limeshapitiwa na barabara na hakuwa na pa kupanda. Akaniambia neno moja tu, nisimpotezee. Tukayaoanisha na mahindi meupe ya kituo, na mpaka leo wekundu haujaondoka kabisa.

Kwa hiyo ikishindwa, kuku watakula urithi wa mama mkwe. Ikishinda, itapewa jina. Mbegu ya mwisho kushinda ilipewa jina la dereva wa Daktari, ati kwa subira yake. Dereva. Mimi nimeshaandika jina langu kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kuona litakavyokaa kwenye mfuko wa mbegu.

Jumanne, 4 Machi

Bwana Koti, mtafiti mwenzangu kijana, amekalia kigoda changu cha dirishani. Nilikitazama kile kigoda mpaka akainuka. Akaomba radhi, akakifuta kwa leso, akanirudishia. Hiyo ndiyo tabia yake inayonichosha. Huwezi kugombana na mtu anayekuja kila asubuhi, koti jeupe limepigwa pasi hata mgongoni, anainama na kusema shikamoo mzee. Nina miaka hamsini na mmoja. Mzee ni nani?

Bwana Koti ana shahada, na ana Namba 12. Nyeupe, punje nene, zimepangana vizuri. Leo Daktari alizishika kiganjani akatabasamu. Kwa miaka kumi na tisa nimemwona akitabasamu mara mbili, na mara ya kwanza alikuwa anaaga kwenda likizo. Alipofika kwenye Namba 31 alisema hm.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Mama mkwe, anayekaa nasi tangu goti lilipoanza kumsumbua, akauliza kama kawaida yake mahindi yake hajambo. Anayaulizia hivyo kila jioni, utadhani ni mjukuu aliye shule ya bweni. Nikamwambia hajambo. Akasema Mungu asifiwe, akaendelea kuchambua mboga.

Na hapo ndipo wazo liliponijia, nikiwa bado na kiatu kimoja mguuni. Ni nani anayehesabu fukusi na kuwatia chupani? Mimi. Na ni nani anayezaa? Jike. Chupa ya madume watupu haiwezi kutoa mtoto hata mmoja. Watakaa siku kumi, watatafuna kidogo, watatolewa, basi. Sina haja ya kugusa mahindi wala rejesta. Ni suala la nani anaalikwa tu.

Ijumaa, 7 Machi

Kazi imekamilika. Nina maumivu ya shingo na jicho la kulia linaona fukusi hata kwenye ukuta, lakini imekamilika.

Kumtenga dume na jike wa fukusi ni elimu. Nilifundishwa kwenye semina miaka kumi na tano iliyopita, na siri yote iko kwenye pua. Mmoja ana pua ndefu, nyembamba, laini. Mwingine ana pua fupi, nene, yenye mikwaruzo. Nilisahau kidogo ipi ni ya nani, ila hilo halikunisumbua. Mimi nina pua ndefu. Marehemu baba mkwe alikuwa nayo ndefu kunishinda. Mke wangu ana kipua kama kifungo cha shati. Hapo hata asiyesoma anajua.

Basi nikakaa dirishani na lenzi ya mkono na burashi. Fukusi ana hila. Ukimgusa anakunja miguu anajifanya amekufa, na wewe unangoja kama mjinga mpaka aamue kufufuka. Pua ndefu mia na ishirini, wote kwenye chupa tatu za Namba 31. Pua fupi mia na ishirini, akina mama wazazi, kwenye chupa tatu za Bwana Koti, wamjazie nyumba. Chupa nyingine nikatia wanaokuja tu.

Saa tano Daktari alisimama nyuma yangu, miwani imening'inia kwenye uzi wake, akauliza lenzi ya nini kwa kazi ya kuhesabu. Nikasema naondoa wagonjwa, jaribio liwe la haki. Akasema miaka kumi na tisa na bado nina uangalifu wa namna hiyo. Akaenda kuliandika kwenye rejesta.

Bwana Koti alinipongeza pia. Nikampokea kwa upole.

Jumatatu, 17 Machi

Leo tumewatoa wazazi. Nimechekecha chupa zote thelathini. Daktari ana mazoea yake ya kisomi, hataki kutupa kitu. Fukusi wa kila chupa wamewekwa kwenye kichupa cha spiriti chenye namba yake, wakafungiwa kabatini. Wa nini, sijui. Wangetosha kumlisha kifaranga mmoja.

Madume wangu walionekana wanene. Nimefurahi kwamba walau walikula vizuri.

Jumapili, 6 Aprili

Zamu yangu ya kusoma kipimajoto. Chumba kizuri ukiwa peke yako. Rafu tatu, chupa thelathini zenye vifuniko vya wavu, taa moja, harufu ya ghala. Nikasogea kwa chupa za Bwana Koti kuona balaa lilipofikia.

Hakuna kitu. Punje zimetulia, nyeupe, hata unga wa tundu hakuna.

Nikaenda kwa Namba 31. Fukusi wawili wanatembea juu ya kioo. Kwenye chupa ya pili, mmoja. Ya tatu, watatu, na mmoja alikuwa anatoka kwenye punje wakati ninamtazama, pua kwanza.

Nimesoma kipimajoto mara nne na mara zote nikasahau kukiandika. Madume hawazai. Hilo nina hakika nalo.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimelipata daftari la semina. Lilikuwa uvunguni, ndani ya sanduku la mashine ya kushonea ya mke wangu, linazuia mashine isicheze. Ukurasa wa kumi na moja, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Jike: pua ndefu, nyembamba, laini. Dume: pua fupi, nene, yenye mikwaruzo. Nimepigia mstari mara mbili. Pembeni nimeandika: USISAHAU.

Nimekaa kitandani na daftari hilo mapajani hadi mke wangu akauliza kama kuna msiba. Nikasema hapana. Akasema basi nimrudishie daftari lake, mashine inayumba.

Yaani nimejipalia makaa kwa mikono yangu, na kwa lenzi. Akina mama mia na ishirini, wengi wao bila shaka walikuja na mimba zao tayari, nimewapeleka mmoja mmoja kwa burashi laini kwenye mahindi ya mama mkwe. Na Bwana Koti nimempelekea makapera mia na ishirini.

Jioni mama mkwe akauliza mahindi yake hajambo. Nikasema yana wageni. Akasema mgeni njoo mwenyeji apone. Nilishindwa kumaliza chakula.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimejikaza kisabuni. Jaribio likiharibika, litarudiwa lote, na likirudiwa, safari hii najua pua. Na jaribio huharibika joto la chumba likipanda. Ni kanuni ya Daktari mwenyewe, imebandikwa mlangoni.

Kwa hiyo leo nilikwenda na chupa ya chai, nikailegeza kifuniko, nikaiweka rafuni karibu na kipimajoto. Mvuke ukapanda taratibu. Baada ya nusu saa kipimajoto kilikuwa kimefika thelathini na nne. Nikatoka kwenda kumwita Daktari, uso umejaa wasiwasi wa kitaalamu.

Tuliporudi, Bwana Koti alikuwa mlangoni na chupa yangu mkononi. Akasema mzee, umesahau chai yako. Akasema pia amekipungia kipimajoto hewa kwa daftari, kimesharudi ishirini na saba, na vipimajoto vingine viwili vya ukutani havikuyumba hata kidogo. Nilikuwa nimesahau kuwa viko viwili vingine. Daktari akanitazama, akasema ni vizuri kwamba chumba kina watu waangalifu wawili. Kisha akaomba kikombe. Tukanywa wote watatu, tumesimama.

Ijumaa, 2 Mei

Siku ya kuhesabu. Mezani tulikuwa Daktari, Bwana Koti na mimi. Chekecheo, trei nyeupe, burashi. Mbegu nane za mwanzo zilikuwa hovyo. Watoto tisini, mia na kumi, moja ilifika mia na arobaini, na unga chini ya chupa ungetosha uji wa familia.

Namba 31: ishirini na sita, thelathini, thelathini na moja. Wastani ishirini na tisa. Imeshindwa. Daktari aliandika, akavuta trei iliyofuata.

Namba 12: sifuri, sifuri, sifuri.

Bwana Koti alikaa chini. Si kigodani, sakafuni, na koti lake. Akaomba ruhusa ampigie mama yake simu. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani, na nilipomaliza nilitaka kukaa sakafuni pia. Chupa za wenzetu zilipata wanaokuja tu, tuseme nusu majike, ishirini hivi. Zangu zilipata arobaini. Majike mara mbili, na bado ni watoto ishirini na tisa. Ungewapa ishirini kama wengine, wangekuwa kumi na wanne au kumi na watano. Namba 31 imewashinda wote. Mahindi ya mama mkwe ndiyo mahindi tuliyoyatafuta miaka yote hii, na duniani anayejua hivyo ni mtu mmoja, na mtu huyo akifungua mdomo hana kazi.

Jumatatu, 5 Mei

Matokeo rasmi ni Jumatano. Alhamisi gari la banda la kuku linakuja kuchukua akiba za zilizoshindwa. Magunia mawili ya Namba 31 yameshawekwa karibu na mlango.

Nilidhani nitamwambia mama mkwe taratibu. Nilianza na habari za ugumu wa sayansi. Akanikatiza, akauliza kama yamefeli. Nikasema yamefeli kidogo. Akaniuliza kama anaweza kurudishiwa kopo lake, walau viganja viwili, ayaweke tu, hata kama hana pa kuyapanda. Nikasema nitaona. Aliinuka akaenda chumbani kwake, na sikumsikia akiwasha redio.

Nimejisikia mdogo. Nimekata kucha, nimepanga viatu, bado najisikia mdogo.

Jumanne, 6 Mei

Kumbe Daktari hakulala vizuri. Amesema hakuna mahindi duniani yanayotoa sifuri mara tatu. Hata mawe, alisema, ukiyatia fukusi arobaini yatatoa mmoja. Asubuhi akafungua kabati, akatoa vile vichupa vya spiriti, akajifungia na darubini. Mimi nilikuwa nafagia ukumbi. Nilifagia sehemu ile ile mpaka saa sita.

Alipotoka alikuwa na karatasi. Chupa za Namba 12, madume watupu. Chupa za Namba 31, majike watupu. Akasema kwa sauti yake ile ya chini kwamba kuna mtu amechezea jaribio, na kwamba ni wazi nani ananufaika na nani ameumizwa. Kisha akaja kwangu, akaniwekea mkono begani, akanipa pole.

Pole! Kwangu! Ilinichukua muda kuelewa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuijazia mbegu yake mwenyewe majike arobaini kwa chupa. Kwa hiyo si mimi. Ni Bwana Koti, aliyeingia kwa siri akabadilisha. Namba 12 imefutwa. Namba 31, kwa kuwa imestahimili majike mara mbili, huenda ikapita hivyo hivyo bila kurudiwa. Yote niliyoyataka, na zaidi. Ninachotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza hakuna gharama.

Nimemwambia mama mkwe kwamba mambo yamegeuka. Akatabasamu. Mke wangu, sindano mdomoni, hakutabasamu. Aliuliza ni vipi mambo yamegeuka yenyewe. Amenijua siku nyingi mno.

Jumatano, 7 Mei

Naandika haya kabla sijavua viatu.

Mkutano ulikuwa saa nne, ofisini kwa Daktari. Sisi watatu. Bwana Koti alisimama, koti limefungwa vifungo vyote, macho mekundu. Daktari akamsomea. Akamwambia aache ufunguo mezani. Bwana Koti akasema hajafanya, na kwamba hata angetaka asingeweza, hajawahi kumtofautisha dume na jike bila darubini. Alisema mama yake ameshawaambia ndugu wote.

Nilikalia mikono yangu. Nilitazama dirishani. Nilijiambia kila mtu na bahati yake.

Hapo Daktari akavua miwani, na akasema maneno ambayo sikuyatarajia. Akasema kinachomuuma zaidi ni kipaji kilichopotea. Fukusi mia mbili na arobaini, hakuna hata mmoja aliyekosewa. Yeye mwenyewe, kwa darubini, angekosea watano au sita. Akamwambia Bwana Koti kwamba kituo hiki hakijawahi kupata jicho kama lake, na kwamba ni huzuni jicho hilo kuondoka.

Jicho lake! Huyu, ambaye akipewa punje ya pilipili manga ataitafuta miguu! Nilistahimili kwa muda. Nadhani nilihesabu mpaka nne. Kisha nikajikuta nimesimama, nasema ni mimi. Kwa lenzi ya mkono. Dirishani. Kwa siku moja.

Daktari akauliza, pole pole, ikiwa ni mimi, kwa nini basi majike niliwatia kwenye mbegu yangu mwenyewe.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikalazimika kueleza habari ya pua. Nikaeleza ya kwangu, ya marehemu baba mkwe na ya mke wangu. Jinsi nilivyoendelea kueleza ndivyo nilivyozidi kujisikia nilivyo mjinga. Daktari alirudisha miwani usoni, akaivua tena. Bwana Koti aligeukia ukutani na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mwanzoni nilidhani analia.

Ijumaa, 9 Mei

Hukumu. Sikufukuzwa. Onyo la maandishi, la mwisho, lenye muhuri. Nimenyang'anywa ufunguo wa chumba cha chupa. Jaribio linarudiwa kwa mbegu zote, fukusi watatiwa na Daktari kwa mkono wake, majike ishirini na madume ishirini kila chupa. Na wa kuwatenga ni mimi, kwenye chumba kidogo cha nyuma, nikishamaliza namkabidhi Bwana Koti, naye anawapitia kwa darubini. Mpaka sasa hajapata kosa. Kila akimaliza trei anasema ahsante mzee, bila kejeli, na nimeshindwa kumchukia jinsi ninavyotaka. Magunia mawili ya Namba 31 yamerudishwa stoo. Gari la kuku liliondoka bila hayo.

Nyumbani nimesema yote. Mke wangu alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Aliniomba niirudie sehemu ya kifungo cha shati.

Mama mkwe hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mahindi yale yameishi na fukusi tangu bibi yake hajaolewa, na hayakuwahi kumwomba mtu msaada. Akaniuliza nilikuwa nayaonea aibu gani. Miaka sita nayalea, akasema, na siku moja ya kuyaamini nimeikosa.

Nilimpikia chai, nikaipeleka mwenyewe. Niliona aibu, na naandika hivyo bila kupamba.

Ijumaa, 4 Julai

Yamehesabiwa leo asubuhi. Daktari alimtuma dereva amlete mama mkwe, awepo. Alikuja na fimbo yake na kitambaa kipya kichwani, akakalishwa kwenye kigoda changu, mimi nikasimama mlangoni kama nilivyoamriwa, mikono nyuma.

Namba 12 ilitoa watoto themanini na wanane kwa wastani. Bwana Koti alitikisa kichwa, akaandika, akasema walau sasa ni namba ya kweli. Nyingine zote hovyo kama mwanzo.

Namba 31: kumi na mbili, kumi na tano, kumi na mbili. Wastani kumi na tatu.

Mama mkwe hakuelewa namba mpaka Bwana Koti akachuchumaa karibu na kigoda akamweleza. Akainua punje moja kutoka kwenye trei, akaizungusha, akaitia mdomoni akaijaribu kwa jino. Kisha akalia. Daktari naye akatazama pembeni, akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Akamuuliza mbegu ipewe jina gani. Nilikohoa kidogo mlangoni, kuwasaidia kufikiri. Mama mkwe akataja jina la mama yake. Daktari akaliandika kwenye rejesta kwa wino, nikaona limekaa vizuri pale, siwezi kusema uongo. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilifurahi sana.

Bwana Koti ameomba kuioanisha na Namba 12 yake. Mama mkwe amemkubalia na amemwita mwanangu.

Msimu ujao mbegu inakwenda shambani, kupimwa na viwavi wanaotoboa mabua. Kila mmea utatiwa viwavi wachanga kwa burashi, na Daktari amesema atahitaji mtu mwenye mkono mwepesi. Hakunitaja, lakini alinitazama. Nimeanza kuwasoma hao viwavi, na nimegundua wapo wavivu na wapo walafi, na mtu mwenye jicho anaweza kuwatenga. Mama mkwe anasema niwaache mahindi na wadudu wamalizane wenyewe. Namheshimu, lakini hii ni sayansi. Namba 31 imepata kumi na tatu bila mimi kunyanyua hata kidole. Nikiisaidia kidogo tu, naona kabisa tutapata sifuri.